Kanali Tak Alirudi Mlango Ule Ule

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuta kiti, punguza moto wa supu, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wa huku kwetu pwani ya mkoa wa Jeolla Kusini. Tunamkumbuka Kanali mstaafu Tak Seong-gil, aliyefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja.

Wengi mlimjua kama mzee mnyoofu mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekuwa akinunua kome sokoni bila kuomba apunguziwe bei. Kuna jambo moja hamkulijua. Dada yake, Bibi Tak Bun-rye, ameniomba nilisimulie lote. Ameniambia, "Liseme redioni, mwanangu. Wale wa nyumba ile walisikie."

Basi tuanze.

Seong-gil alizaliwa kijiji cha Gaetmal. Baba yake alifariki mapema. Mama yake aliokota kome kwenye tope la bahari, goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma, hata tope likiwa na barafu. Mtoto huyo alikuwa na akili. Mwaka 1971 aliomba kuingia chuo cha maafisa wa jeshi. Mtihani akafaulu. Mbio akafaulu. Daktari akampima, akampiga bega, akamwambia, "Wewe ni chuma."

Kisha jina lake halikutoka.

Kijana mwingine wa kijiji hicho hicho jina lake likatoka. Huyo aliitwa Guk Yeong-bae, mwana wa Guk Pan-seok, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watu walimwita Mzee wa Mashine.

Wasikilizaji wapendwa, wenye umri wangu mnaijua miaka ile. Mpelelezi alikuwa anakuja kijijini kuuliza ukoo wako. Ukiwa na ndugu aliyevuka mpaka kwenda kwa wakomunisti wa Kaskazini, umekwisha. Mpelelezi alipofika Gaetmal, alimuuliza Mzee wa Mashine. Mzee wa Mashine akamjibu kwamba mjomba wa Seong-gil, kaka wa mama yake, alivuka.

Walijuaje kuwa ni yeye? Alijitangaza mwenyewe. Siku ya sherehe ya mwanawe, pombe ya mchele ikiwa imemkolea, alisema mbele ya watu, "Mtoto wa mwokota kome avae sare moja na mwanangu? Mjomba wake yuko Kaskazini anatafuna mtama!"

Bibi Bun-rye alikuwa jikoni siku hiyo, anasaidia kuosha vyombo. Alisikia. Akaenda kumwambia kaka yake.

"Hakulia," ameniambia. "Alikuwa anakula. Akamaliza kula. Akasema, 'Nitaomba tena.'"

Mwalimu wake alimshauri asome ualimu. Huko hakuna anayeuliza habari za wajomba. Seong-gil akamjibu, "Mwalimu, nisamehe. Mimi nataka mlango ule ule."

Mwaka mzima aliokota kome na mama yake, akasoma, akakimbia kwenye tope ambalo wengine hata kutembea linawashinda. Akaomba tena. Mtihani akafaulu tena. Mbio akafaulu tena. Likabaki jambo la mpelelezi.

Safari hii mama yake hakukaa nyumbani. Alimsubiri mpelelezi pale basi linaposimama, viatu vya mpira vikiwa bado na tope. Akamshika mkono wa koti.

"Afande, twende kwanza kwa yule uliyemuuliza mwaka jana."

Wakaenda kwenye mashine. Ilikuwa siku ya kukoboa, watu wamejaa na magunia yao. Mama akasema kwa sauti, "Mzee wa Mashine! Mwambie afande, kaka yangu yuko wapi?"

"Aa, Mama Seong-gil, hayo ni ya zamani..."

"Yuko wapi?"

"Watu walisema alivuka."

"Watu gani? Si wewe uliyebeba jeneza lake? Alizama baharini, tukamtoa, tukamzika, ukaja kwetu ukala supu ya nyama bakuli mbili, ukaomba na kabichi ya kimchi ya kufungasha! Siku ile ulikuwa unamlilia nani, wewe mlafi?"

Watu waliangua kicheko. Mpelelezi mwenyewe alikohoa akageuka pembeni. Mama akampandisha mlimani hadi kaburini, akamwonyesha. "Ukitaka, chimba. Koleo nitakuletea mimi."

Mpelelezi hakuchimba. Seong-gil akaingia chuoni.

Mtaona yameisha. Hayakuisha. Ule mwaka mmoja aliopoteza ulikuwa na gharama yake. Guk Yeong-bae sasa alikuwa mbele yake kwa mwaka mmoja. Na huko, aliyekutangulia mwaka mmoja ni bwana wako. Yeong-bae alimjua alipomwona tu. Kila asubuhi, mbele ya wenzake, alimwamuru apige kelele, "Mimi ni mchelewaji, mkubwa!"

"Sauti haijafika Gaetmal!" Yeong-bae alikuwa anamjibu. "Mama yako kule topeni hajasikia! Rudia!"

Naye alirudia. Bibi Bun-rye anasema kaka yake alipokuja likizo alimsimulia hayo akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha.

Alipohitimu na kuwa Luteni, hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwenye mashine, amevaa sare kamili, akasimama mlangoni, akapiga saluti. "Luteni Tak Seong-gil, mpwa wa yule aliyevuka! Nimekuja kukusalimu, mzee!" Mashine ikazimwa. Watu wakatazamana. Alipokuwa Kapteni, akaja tena. Alipokuwa Meja, akaja tena. Mzee wa Mashine alikuwa amezeeka, na wajukuu walikuwa wakimwona Seong-gil anashuka kwenye gari, wanakimbia kufunga mlango. Alipiga saluti kwenye mlango uliofungwa, kwa sauti ile ile, akaondoka.

Sasa nafika kwenye lile jambo lenyewe.

Mwaka 1991 Guk Yeong-bae alikuwa Meja. Wakubwa walikuwa wanafikiria kumpandisha. Mmoja wao akamwita Tak. "Ninyi mnatoka kijiji kimoja. Unamjua vipi?"

Tak akajibu, "Ni afisa mzuri. Ila kuna mjomba wake mmoja. Watu walisema alivuka."

Ulikuwa uongo, wasikilizaji wapendwa. Mjomba wa Yeong-bae alikuwa mpishi wa shule, hajawahi hata kufika Seoul. Sheria ya kuwaadhibu watu kwa makosa ya ndugu zao ilikuwa imeshafutwa. Lakini wakubwa bado waliogopa kuweka saini. Yeong-bae akarukwa mwaka ule. Akarukwa na mwaka uliofuata. Akastaafu akiwa Meja.

Kabla hajastaafu walikutana kambini. Tak ameshakuwa Luteni Kanali. Yeong-bae ikabidi apige saluti. Mdogo hashushi mkono mpaka mkubwa ajibu, na Tak hakujibu upesi. Alimtazama. Akamuuliza habari za mashine. Akamuuliza habari za baba. Mkono wa Yeong-bae ulikuwa bado kwenye kofia. Ndipo Tak akaunyanyua wake.

Mjane wake, Bi. Heo Gye-suk, ameniambia, "Siku ile alirudi nyumbani akala kama mtu aliyetoka kuvuna. Nilimuuliza, 'Sasa umeridhika?' Akasema, 'Bado.' Sikumuuliza tena mpaka amekufa."

Na Bibi Bun-rye? Nilimuuliza kama kaka yake alijuta. "Sijui," akasema. "Mimi sijuti. Mama yangu alikufa magoti yamepinda."

Kwenye msiba alikuja mzee mmoja mwenye fimbo. Watu wakampisha. Alikuwa Guk Yeong-bae. Mbele ya picha ya marehemu, pale kila mgeni anapoinama mara mbili, yeye alisimama wima.

Bibi Bun-rye akamwambia, "Kiuno kinakuuma, mzee?"

"Sikuja kuinama," akajibu. "Nimekuja kuhakikisha."

"Basi hakikisha. Na cheo chake kwenye picha kisome vizuri, kama macho bado yanaona."

Alikisoma. Wote wanashuhudia alisimama pale akikisoma muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akatoka bila kuonja chochote.

Wasikilizaji wapendwa, sina la kuwafundisha. Jioni hii, kila mmoja amfikirie mtu mmoja ambaye jina lake likitajwa, chakula kinabadilika ladha mdomoni. Ajiulize amembeba kwa miaka mingapi, na atamwachia nani mzigo huo.

Kwa Bi. Heo Gye-suk, kwa mabinti zake wawili, na kwako Bibi Bun-rye, poleni sana. Kanali apumzike.

Nilimwambia Bibi Bun-rye kwamba nitatoa pole pia kwa nyumba ya Guk, kwa yale waliyofanyiwa kwa uongo. Akasema, "Ukifika hapo nitazima redio."

Bibi, nimefika hapo. Nyumba ya Guk, poleni.