Winchi na Kiti cha Treni

Kuli mstaafu, ambaye bandarini walimwita Winchi, kama mashine ya kunyanyulia mizigo, alikuwa ndani ya treni akimsimulia mama muuguzi aliyeketi mbele yake, mgeni kabisa kwake, jinsi alivyokuwa akipandisha mifuko miwili ya saruji kwa mkupuo. "Jioni marehemu mke wangu alikuwa akiningoja na sufuria nzima ya maharage. Siku hizi chai na mkate, yatosha."

"Yatosha kumlisha shomoro, mzee wangu! Rudia maharage, ongeza mayai, na kila asubuhi inuka kitini mara kumi bila kushika kitu."

"Mama, mazoezi niliyamaliza ujanani."

"Nguvu haziwekwi ghalani."

Winchi akacheka, kisha akatazama dirishani. Kituo kilichofuata mjukuu wake alikuwa akimngoja. Likizo iliyopita alitaka kubebwa mabegani, babu akasingizia kiatu kinabana.

Treni ilipopunguza mwendo, aliachia chuma cha kushikia kando ya kiti, akajiinua. Magoti yakalia kama bawaba kuukuu, akarudi kitini puu! Akajaribu tena, akasimama.

"Moja," alisema muuguzi. "Bado tisa."

"Hii ni nguvu ya saruji, si ya mayai," akajibu Winchi akihema.

Treni ikasimama. Nje ya dirisha, mjukuu alikwisha kuinua mikono yote miwili.