Jina Jipya la Mzee Obuya

Meli ya Kendu Bay ilikaribia Kisumu, na Mzee Obuya bado alikuwa akimgombeza mama asiyemjua. Nami nilikuwa kati yao, masikio wazi.

"Mnahamisha boma lote, mpaka kuku, juu ya mtoto mmoja hasikii?"

"Shule yake iko huku, Mzee. Na sisi tutajifunza kuongea na mikono."

"Mikono ni ya kulima!"

Mtoto mwenyewe, binti aitwaye Lornah, alimtazama mzee, kisha akagusa meno yake ya chini. Mzee hana hayo. Yaling'olewa ujanani, kwa desturi yetu.

"Ananitukana?"

"Hapana, Mzee. Amekupa jina la mikono: ishara hiyo ya meno ndiyo wewe."

Mzee alinuna mpaka gatini. Lornah alipompungia mkono, mzee alitua mzigo, akagusa ufizi, akajipiga kifua kama mtu anayejitambulisha.

"Lakini mikono ni ya kulima," akaniambia.