Ubao wa Marehemu Chumvi

Alasiri ya tarehe 31 Oktoba 1986, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, wazee watatu waliosalia katika mji wa machimbo ya nitrati wa Santa Eduvigis waliketi kama ada yao kwenye benchi lililo mbele ya duka la kampuni, ambalo milango yake ilifungwa mwezi Machi 1979 na tangu hapo haikumfungukia mtu ila upepo wa jangwa. Katikati alikaa Don Custodio Araya, karani mstaafu wa ghala la magunia, ambaye kijiwe kilimwita Kalenda. Kulia kwake alikuwapo Baruti, aliyelipua mawe ujana wake wote. Kushoto, Kichwa, aliyeendesha kichwa cha treni ya machimbo. Nafasi ya nne ilikuwa tupu. Chumvi, mwenye nafasi hiyo, walimzika mwezi Agosti, naye hakuacha mke wala mtoto. Neno lake la mwisho kwao lilikuwa, “Msiniandikie maombolezo. Niandikieni kile nilichochimba.” Ndiyo maana magotini mwa Don Custodio ulilala msalaba wa mbao, na juu ya ubao wake wa kukingama, kwa rangi nyeusi, palisomeka NO₃Na. Lori lilikuwa lipite kabla ya jua kuzama, likusanye misalaba na maua ya bati kwa ajili ya makaburini.

Doña Tránsito, muuza kahawa, alipinda shingo akautazama ubao huku akimimina.

— Umeandika kinyumenyume, Don Kalenda.

— Kinyumenyume vipi, mama?

— Mjukuu wangu anasoma kule Antofagasta. Kwenye kitabu chao ile Na, sodiamu, inakaa mbele.

Don Custodio aliweka kikombe chini taratibu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa mwaka 1938, na hivyo ndivyo alivyoandika juu ya milango yote ya ghala, na hakuna mkubwa wa kampuni aliyewahi kumsahihisha.

— Mdomoni unasema nitrati ya sodiamu, alisema. Nitrati kwanza, sodiamu baadaye. Kalamu inafuata mdomo.

— Zamani hiyo, Kalenda, alisema Kichwa. Siku hizi metali ndiyo inayotangulia. Hata mimi nilisikia.

— Ulisikia wapi wewe?

— Sikumbuki. Lakini ina akili. Tazama: sodiamu ndiyo kichwa cha treni. Naitrojeni na oksijeni zake tatu ni mabehewa, yamefungwa pamoja, hayaachani. Umeona wapi mabehewa yanatangulia?

— Kituoni, treni ikirudi nyuma, alijibu Baruti.

— Nyamaza, Baruti.

— Na kwa nini oksijeni tatu? aliendelea Baruti. Kwa nini sio nne?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kichwa. Zikifika tatu kibaba kimejaa.

Don Custodio alifumba macho. Alikuwa amechoka tangu asubuhi, na kwa kweli tangu Agosti.

— Sikilizeni, maana sitarudia. Kundi la nitrati huja hivyo hivyo lilivyo, moja na tatu, kama familia. Sodiamu ametoa chaji moja, nitrati kapokea moja, wametoshana. Angekuwa kalsiamu, yeye hutoa mbili, basi nitrati wangekuja wawili, ukawafungia kwenye mabano, ukaweka mbili nje.

— Mabano! alisema Baruti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo kazi ya mabano.

— Hiyo methali haina uhusiano, bwana.

— Ina uhusiano. Na mimi nawaambia jambo ambalo hamlijui. Waligeuza kwa makusudi. Wazungu wa kampuni. Siku sodiamu ilipowekwa mbele, bei ikageuka nayo, meli zikaja tupu zikarudi tupu. Ukigeuza jina la kitu, umekigeuza chenyewe.

— Bei ilianguka pale Wajerumani walipojua kuipata nitrati kutoka hewani, alisema Don Custodio. Wakati huo wewe hujazaliwa.

— Kutoka hewani! Na walipoivuta hewani, ilitoka na nini mbele?

Hakuna aliyecheka. Chumvi ndiye aliyekuwa akicheka. Yeye hata kahawa aliitia chumvi, akasema sukari ni ya watu wa pwani.

— Kwani yeye angetakaje? aliuliza Doña Tránsito.

— Angetaka mnyamaze, alisema Kichwa.

Don Custodio aliinamisha kopo. Rangi iliyobaki ilikuwa ya kuandika mara moja tu. Akaitazama kazi yake: herufi zilikuwa zimesimama wima, hazina kosa lolote isipokuwa zama. Kesho watakuja watoto na wajukuu wa marehemu wengine kutoka pwani, watapita mbele ya kaburi, na mmoja wao mwenye kitabu kipya atasema marehemu hakujua hata alichochimba. Akatoa kisu mfukoni, akaanza kukwangua.

— Unafuta? alishangaa Baruti. Kalenda anafuta?

— Nafuta. Shika huo upande, usitikise.

Alipomaliza kukwangua akapuliza vumbi, akaandika upya: NaNO₃. Kichwa akaitikia kwa kichwa. Baruti akasema inapendeza, japo ni ya Wazungu.

Lori lilifika likiwa limejaa maua ya bati yanayogongana. Akashuka dereva, Rosaura, mwanamke aliyeajiriwa mwezi ule ule na ambaye hakumjua mtu yeyote pale. Akaupokea msalaba, akaugeuza mbele, akaugeuza nyuma.

— Mzuri, wazee wangu. Na jina liko wapi?

— Jina gani?

— La marehemu. Aliitwa nani?

— Chumvi, walijibu watatu kwa pamoja.

— Hilo la kijiweni. Nauliza la ubatizo.

Baruti alimtazama Kichwa. Kichwa alimtazama Doña Tránsito, naye akatazama ndani ya chupa yake ya kahawa.

— Namba yake ya kazi naijua, alisema Kichwa. Elfu moja mia moja arobaini na saba.

— Namba si jina, babu. Kwani padri alisemaje siku ya kuzika?

— Alisema, “ndugu yetu huyu.”

Don Custodio alizipitia tarehe zake. Alijua kwamba Chumvi alishuka kwenye treni tarehe 6 Mei 1951, siku ya Jumapili, na sanduku lililofungwa kwa kamba. Alijua tarehe ya ajali ya mguu na tarehe ya mgomo. Jina hakuwahi kuliuliza.

— Nipe hapa, mwanangu, alisema hatimaye.

Akakomba kingo za kopo kwa brashi, na chini ya NaNO₃ akaandika kwa rangi hafifu: 14 Agosti 1986. Hiyo, siku ya kifo, aliijua. Rosaura akaubeba msalaba, akaulaza juu ya maua, lori likaondoka.

Doña Tránsito akapindua chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Na wewe, Kichwa, aliuliza Don Custodio bila kumtazama, wazazi wako walikuita nani?

Kichwa alitazama vumbi la lori likitulia barabarani.

— Nitakwambia kesho, Kalenda. Leo nimechoka.