Mkono Wenye Kitana

Basi lilipoondoka, fundi saa alifumba macho akaacha masikio wazi. Mbele yake, msusi alikuwa akimweleza jirani wa kiti, muuza vitambaa, kwamba kila Jumamosi huenda wodini kuwasuka wagonjwa bure.

“Bure? Dada yangu, mkono mtupu haulambwi! Mgonjwa anataka dawa, si mabutu,” muuza vitambaa alimaka.

“Wangu si mtupu, una kitana. Juzi nilimsuka bibi mmoja aliyekuwa amegeukia ukutani siku zote. Nilipomaliza, akaomba kioo.”

“Kioo hakiponyi mtu!”

“Wala sikusema kinaponya.”

Fundi saa nusura aingilie, ila mwenye usingizi wa uongo hana haki ya kuchangia.

Basi likasimama hospitalini. Muuza vitambaa, aliyekata tiketi ya sokoni, akashuka na kikapu cha msusi mkononi. “Nakusaidia kubeba tu,” alifoka. “Kazi ya bure mimi siiwezi!”