Bawabu Aliyemfungulia Mtoto wa Malkia

Ndugu, jamaa na majirani, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mzee wetu, fundi seremala mliyemzoea kwa jina la Bawabu, nanyi mtuwie radhi sauti ikikatika, kwa maana Jumatatu tulikuwa tunataniana naye, na mpaka sasa akili haijakubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, ambako walimu walimkumbuka zaidi kwa madawati aliyoyakarabati kuliko kwa hesabu, kisha akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1980 akafungua karakana yake mwenyewe. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye hadi leo husema alipeleka kigoda kutengenezwa akaambulia mume, wakajaliwa wavulana wawili, na mwaka 1995 binti, kitinda mimba.

Mwaka 2004 aliitwa studio ya redio kutengeneza mlango mdogo wa kutolea mlio wa kufungua na kufunga, kwa ajili ya mchezo wa vita vya falme za angani, na mtunzi alipoona hakuna aijuaye tabia ya mlango ule kama yeye, akampa na kisehemu cha bawabu wa chombo cha kusafiria nyotani, maneno yake yakiwa mawili tu, "Hapapitiki hapa!", kisha afunge. Siku hiyo ilipangwa mtoto wa malkia aje akikimbia majeshi, bawabu amkatalie, mtoto afe, na vita viendelee, lakini mwigizaji wa mtoto alikauka sauti, akawekwa binti wa fundi, aliyekuwa amemfuata baba kazini. Mchezo ulikuwa ukirushwa moja kwa moja. Binti aligonga, akalia, "Nifungulie, nakuomba!", na fundi, mkono ukiwa kwenye kitasa, akasahau yote aliyofundishwa, akafungua.

Kipindi kilipokwisha, mtunzi alitoka chumba cha mitambo ameshika kichwa, akisema, "Fundi, umeniulia hadithi!", naye akajibu kwa upole, "Mimi nimemwokoa mtoto, bwana, hadithi itafute wewe."

Ikatafutwa. Mtoto aliyepaswa kufa alikua, akawa malkia, akazipatanisha falme, na nyota zote zikabadili njia kwa sababu ya bawabu asiye hata na jina. Binti aliendelea kumwigiza malkia huyo, baba akiwa upande wa pili wa mlango, na sehemu ya mwisho, ambamo malkia aliyejeruhiwa anarudi kugonga mlango uleule, ilipangwa irushwe wiki hii.

Hapa husomwa habari za ugonjwa. Hatuna la kusoma. Tarehe 6 Juni 2023 aliamka mzima, akamtania mkewe kwamba chai yake ina sukari ya kuhesabu, akaenda karakana, akaanguka akiwa na randa mkononi, na tuliporudi kutoka hospitali chai iliyobaki kwenye chupa ilikuwa bado ya moto.

Juzi mtunzi alikuja kwa heshima kuuliza kama sauti nyingine inaweza kumfungulia malkia, kwa kuwa wasikilizaji wanangoja, na binti alikataa, akalia, akasema hawezi kugonga akijua nani hayupo nyuma ya mlango. Jana jioni alimpigia mtunzi simu mwenyewe, wakakubaliana kwamba malkia hatagonga, atafika na kukuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Tunawashukuru madaktari waliohangaika naye ingawa alifika ametutoka, majirani waliombeba mikononi bila kungoja gari, mafundi wenzake walioranda mbao za jeneza hili kwa machozi, na wenzake wa studio, waliouleta ule mlango mdogo, mnaouona hapo pembeni.

Msiufunge.

Pumzika kwa amani, Bawabu wetu, wewe sasa ndiye unayefunguliwa.