Kampasi ya Baharini

Benchi la kijiwe limetazamana na geti la chuo kikuu cha umma, barabara tu katikati, na wenyeji wake wanakijua chuo kile kuliko waliokijenga. Ukibisha utachoka wewe. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda mle ndani, mapaa yanaonekana nusunusu, na Kinyozi ameshika kikombe cha kahawa hanywi. Binti yake alikuwa anaondoka. Miaka yote alijua mtoto akipata chuo atakuwa hapo ng'ambo tu, atamwona akiingia na kutoka. Kumbe kapangiwa kampasi ya mbali, ya utafiti wa bahari, safari ya kutwa nzima.

— Hiyo naijua, — alisema Redio, fundi viatu asiyezimika. — Madarasa yako chini ya maji. Mwanafunzi akijibu, jibu linapanda juu povu tupu.

— Tokaa! Wanapumua nini? — aliuliza Mapema, fundi cherehani ambaye nguo ya sikukuu hukupa sikukuu imeshapita.

— Wanapumua kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi afadhali kampasi ya mlimani, — alisema Mapema. — Kule wanatafiti usingizi. Wanalala muhula mzima, wakiamka wanaeleza walichoota, wanapewa digrii.

— Na asiyeota?

— Anarudia mwaka! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Kinyozi alicheka, lakini moyo ulikuwa mzito.

— Sasa kampasi zote hizo zinaunganaje? — aliuliza.

— Kwa chini kwa chini, — alisema Redio. — Ukiita hapa getini, baharini wanasikia.

Kinyozi aliutazama ukungu, akatamani Mungu aufanye kweli uongo huu mmoja tu. Angekuwa anavuka kila jioni, anaita jina la mwanawe, anangoja aitikiwe.

Binti akafika na begi lake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu!

— Baba, basi la kampasi linaondokea humo ndani. Linasimama upande gani?

Redio akamtazama Mapema. Mapema akachungulia kikombe chake, na kikombe hakikuwa na kitu.

— Hatujui, mama, — alisema Kinyozi. — Hakuna kati yetu aliyewahi kuingia.

Akaweka kahawa chini, akajitwika begi begani, wakavuka. Getini mlinzi akamsimamisha.

— Mzee, unakwenda wapi?

— Chuo kikuu, — alisema Kinyozi, akiliweka begi sawa begani.