Mchoro Aliouacha Dada Bila Rangi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia nisome historia yake, nami naomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali hata sisi wenyewe hatujaelewana, na hapo nitasoma kama palivyo.

Dada yetu, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkunga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kwa mujibu wa cheti, ingawa mama mpaka anafariki alishikilia kwamba ilikuwa Jumapili, na tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa, basi tunaachia hapo. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1976, akiwa ameadhibiwa mara nyingi kwa kuchora walimu kwenye madawati, na walimu wenyewe, nasikia, walikuwa wakijitambua.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye karakana ya picha za watu za rangi za mafuta, akastaafu mwaka 2018, na kwa kuwa wengi mmeniuliza alikuwa anafanya nini hasa, nitajaribu, maana alinieleza miaka yote na bado nachanganya. Kazi yake ilikuwa mchoro wa chini, ule unaokuja kufunikwa na rangi, akiuchora kwenye turubai, kile kitambaa kinachowambwa kwenye fremu, kwa kijiti cha mkaa, akikosea anapangusa kwa kitambaa, akiridhika anapitisha juu ya mistari brashi nyembamba yenye rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ndipo rangi zenyewe zinafuata. Penseli hakuitaka kabisa, alisema baada ya miaka hujitokeza juu ya rangi, na bibi wa watu akaonekana ana masharubu.

Mwaka 1983 aliingia kwa fundi cherehani kuazima kile kigurudumu chenye meno, ili atoboe mchoro uliokuwa kwenye karatasi, aupigepige kwa kifuko cha unga wa mkaa, na mistari ihamie kwenye turubai kwa nukta ndogondogo. Fundi alidhani ni mshindani aliyekuja kumpeleleza, akamnyima, dada akarudi akanyimwa tena, na aliporudi mara ya tatu akapewa kigurudumu na soda juu. Walifunga ndoa tarehe 4 Februari 1984, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 9 Novemba 1986, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu na mama wa watoto wawili.

Agosti 2024 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Akiwa nyumbani kati ya matibabu, alimketisha shemeji kando ya dirisha, akaanza kumchora, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote, na shemeji alipouliza kwa nini, aliambiwa atulize kidevu. Mkaa ulikamilika, lakini kabla hajaupitishia rangi alizidiwa, akalazwa.

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, mchana, alimwambia mumewe, "Mzee wangu, ukifika nyumbani ifute ile picha, macho nimeyakosea." Jioni ileile alimwambia binti yake, "Mwanangu, usikubali mtu aifute." Daktari tulipomuuliza, alisema huenda ni dawa zinamchanganya, huenda siyo. Alhamisi alfajiri dada akafariki.

Tangu hapo baba na binti hawakusemezana, baba akiwa na kitambaa mfukoni, binti akiwa amenunua dawa ya kupulizia inayoushika mkaa usifutike, na kila mmoja akiniita pembeni nimuunge mkono.

Jana, viti vikiingizwa, jirani yetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitundika mtandio wake juu ya turubai ya picha ile, isiingie vumbi. Sauti mbili zikatoka kwa pamoja, "Usiguse!", na tulipogeuka, moja ilikuwa ya binti, nyingine ya shemeji. Mtandio ulipoondolewa, shavu la kushoto lilikuwa limekwenda nao.

Binti akasema, "Baba, si wewe uliyetaka kuifuta?"

"Nilitaka. Sijui. Hebu lete hiyo dawa."

Shemeji akaishika turubai, binti akapulizia, na mchoro ukakauka hivyohivyo, una shavu moja. Kama tumemtii marehemu au tumemwasi, familia haijui, nami sitajifanya najua. Nimeyaangalia yale macho, kwangu mimi ni ya shemeji, ingawa mwenyewe anasema hajawahi kumtazama mtu hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana waliokuja na rangi kwenye kucha, na majirani wote, hasa mama wa mtandio, ambaye tangu jana analia kutushinda, mama, huna kosa.

Dada, uliwaambia watu wawili maneno mawili, kama tumekuelewa vibaya tuwie radhi, wewe pumzika kwa amani, kubishana tuachie sisi.